Blanketi la Viraka: Kazi ya Nyumbani Wakati wa Kipupwe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na Umoja wa Wanawake, katika juma la Jubilei ya miaka 100 ya usharika, Tabora)



Miezi minne iliyopita Kamati ya Jubilei ilinikabidhi kazi ya kuandika, kwa ajili ya kitabu chetu cha kumbukumbu, sura yenye kichwa "Misaada Tuliyopokea". Niliifanya kazi hiyo kwa kadiri ya uwezo wangu. Nilifungua mafaili, nikasoma barua na mihtasari ya Baraza la Wazee, nikaorodhesha mabati, baiskeli za wainjilisti, vitabu, dawa, na marobota ya mablanketi ya viraka kutoka Marekani. Orodha ikajaa kurasa 9. Lakini nilipoisoma kwa mara ya mwisho kabla ya kuikabidhi, nilikosa usingizi. Mtu asiyetufahamu akisoma kurasa zile atadhani kwamba kwa miaka 100 watu wa hapa walikaa barazani wamenyoosha mikono, wakingoja treni ilete vitu. Nimeomba nafasi hii ili nieleze kwa nini sura ile sitaikabidhi kama ilivyo. Nitazungumza juu ya jambo dogo, yaani kushona blanketi la viraka nyumbani katika miezi ya baridi. Mniwie radhi ikiwa nitaanzia nyumbani kwetu.

Nyote mnakijua kipupwe cha Tabora. Ifikapo Juni mavuno yamekwisha kuingia ghalani, majani yamekauka, upepo unavuma mchana kutwa, na usiku wa Julai baridi hushuka hata kufikia nyuzi 14 au 15. Kwa mtu wa Ulaya hiyo si baridi. Kwa mtoto anayelala juu ya mkeka sakafuni, ni baridi ya kutosha kumwamsha kabla ya jogoo.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Tulikuwa watoto 6, na nyumba nzima ilikuwa na mablanketi ya dukani 2. Chini ya kitanda chake mama aliweka kapu la ukindu, na mwaka mzima alilijaza kidogo kidogo. Humo mlikuwa na mabaki aliyopewa na mafundi cherehani, ncha za vitenge, khanga zilizochakaa hata maandishi yake hayasomeki, na suruali za kaki za baba. Magoti ya suruali zile yalikuwa yametoboka, lakini nyuma ya miguu kitambaa kilikuwa bado kizima, nacho ndicho alichokikata.

Kipupwe kilipoingia, kapu lilitolewa. Baada ya chakula cha jioni mama aliketi karibu na kibatari, akakata vipande vya mraba vyenye upana wa shubiri moja. Alivipanga sakafuni, akavihamisha hamisha mpaka rangi zikakubaliana, kisha akaviunga safu kwa safu. Upande wa chini aliweka kitambaa cheupe cha marekani. Katikati aliweka pamba aliyoletewa na ndugu zake kutoka Nzega. Sisi watoto ndio tuliotoa mbegu zake kwa vidole, tukaitawanya mpaka ikawa nyepesi kama povu. Halafu alichukua shazia, ile sindano ya kushonea magunia, akapitisha uzi kutoka juu hadi chini na kuurudisha juu, akafunga fundo. Kila baada ya shubiri moja alifunga fundo. Nilipomwuliza sababu, aliniambia kwamba bila mafundo pamba yote hukimbilia pembeni siku blanketi linapofuliwa, na mwenye kulala katikati hubaki na kitambaa kitupu. Blanketi moja lilimchukua jioni za wiki tatu hivi. Vitabuni kitu hicho huitwa mfarishi. Sisi tuliliita tu blanketi la viraka.

Mwaka 1972 ndugu zetu wa Burundi walikimbia mauaji na kuingia nchini kwa maelfu, na Serikali ikawafungulia makazi ya Ulyankulu, kaskazini-magharibi ya mji wetu. Nilikuwa na miaka 11. Kipupwe kile mama na majirani zake wanne walishona pamoja, usiku hata usiku, katika chumba chetu kimoja. Mablanketi 7 yalifungwa kwa kamba ya katani, yakapelekwa Ulyankulu. Blanketi nililokuwa nimeahidiwa mimi lilikuwa mojawapo. Nililia sana, na mama hakunibembeleza. Alisema tu kwamba mimi ninalo paa.

Nimetafuta habari za mablanketi yale 7 katika mafaili ya usharika. Hakuna hata mstari mmoja.

Mwaka 1975 nilijiunga na shule ya bweni. Mama alinishonea blanketi jipya, zuri kuliko yote aliyopata kushona, lenye kaki ya baba pembeni pande zote nne. Usiku wa kwanza nilipolitandaza, wenzangu walicheka. Mmoja aliniita "Bwana Viraka", na jina hilo likanikaa kwa muda mrefu. Nililikunja, nikalitia chini kabisa ya sanduku, na kipupwe chote cha mwaka ule nililala nimejikunyata ndani ya sweta na shuka moja. Niliporudi likizo mama aliniuliza, "Mwanangu, blanketi linakutosha baridi?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, linatosha sana." Alifurahi, na kwa sababu ya jibu langu la uongo alianza siku ile ile kumshonea mdogo wangu la kwake. Huko ndiko kumkana mama yangu kwa mara ya kwanza.

Naomba sasa tutoke kidogo nyumbani, tuifuate njia. Nimesema upande wa chini wa blanketi ulikuwa wa marekani. Wengi wetu tunakiita kitambaa hicho kwa jina hilo bila kujiuliza limetoka wapi. Limetoka katika njia ya misafara iliyopita hapa kwetu. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Zanzibar nguo za pamba zilizofumwa katika viwanda vya kwao, na wateja wakaziita kwa jina la nchi zilikotoka. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Kutoka pwani majora yale yalibebwa mabegani, na wengi wa wapagazi walikuwa babu zetu Wanyamwezi, mtu mmoja frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa safari ya kilomita zipatazo 800 hadi Tabora. Nguo ilikuwa ndiyo fedha. Ilihesabiwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa ni shuka mbili. Stanley alipojiandaa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikadiria kwamba watu 100 wangehitaji kwa chakula cha mwaka mmoja doti 2,000 za marekani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Alifika Kwihara, hapa jirani, mahali ambapo Livingstone naye alikaa hadi Agosti 1872.

Kwa nguo ile ile walinunua chakula, wakalipa hongo kwa watemi, wakanunua pembe za ndovu, na wakanunua watu. Lazima tuseme hivyo, maana sisi tunaishi juu ya njia hiyo. Nguo iliyofumwa kwa pamba ya watumwa wa ng'ambo ilikuja hapa kuwa bei ya watumwa wengine. Utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, na kwa hiyo wazazi wa baadhi ya washarika wetu wa zamani walikuwa wameuona kwa macho yao.

Tena, tusidhani kwamba kabla ya nguo za kigeni watu wa hapa walikuwa uchi na wavivu. Burton na Speke walipofika Kaze, ambayo ni Tabora yetu, mnamo Novemba 1857, walikuta Wanyamwezi wakifuma nguo za pamba zao wenyewe. Ufundi ule ulififia kwa sababu nguo za viwandani zilikuwa nyingi na nyepesi kupatikana. Tulikuwa wafumaji kabla hatujawa wapokeaji. Hilo nalo sikuliandika katika kurasa zangu 9.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ikashuka kutoka mabegani mwa watu. Na katika njia hii hii, miaka mingi baadaye, nguo za Marekani zilipita tena, lakini safari hii hazikuja kununua kitu. Mwaka 1945 Walutheri wa Marekani waliunda shirika la Lutheran World Relief ili kusaidia Ulaya iliyobomolewa na vita. Yaani, watu wa Ujerumani, ambao walituletea wamisionari, nao walikuwa miongoni mwa waliopokea nguo na chakula. Hakuna taifa lililoandikiwa kupokea daima, wala lililoandikiwa kutoa daima. Akina mama wa sharika zile wamekuwa wakishona mablanketi ya viraka kwa ajili ya shirika hilo, mamia ya maelfu kwa mwaka, nayo yakasambazwa katika nchi nyingi zenye wakimbizi na maafa, Tanzania ikiwemo. Hapa kwetu kazi ya kuhudumia wakimbizi ilibebwa kwa miaka mingi na TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu.

Mwaka 1997 nilikwenda katika mojawapo ya kambi za mkoa wa Kigoma pamoja na wainjilisti wawili, tukasaidia kufungua marobota. Siku ya tatu nilimkuta mama mmoja kutoka Burundi ameketi nje ya hema lake akilikata blanketi katikati kwa kisu. Nilikuwa mchungaji kijana, nikakasirika. Nilimwambia kwamba zawadi za watu haziharibiwi. Hakunijibu. Alichomoa nyuzi katika gunia, akaanza kupinda kingo za kila nusu, kwa mishono midogo iliyonyooka kuliko hata ile ya wenye blanketi. Ndipo nilipotazama ndani ya hema nikaona watoto wawili, mmoja kila upande. Nilisimama pale mpaka alipomaliza nusu ya kwanza, nikamwomba radhi. Yeye naye alikuwa fundi. Alipokea kazi ya mikono ya mwenzake, akaiendeleza kwa mikono yake.

Mwaka 2001, mwezi wa Februari, nilialikwa na usharika mmoja wa shambani katika jimbo la Minnesota. Sikuwahi kuiona baridi ya namna ile. Asubuhi moja ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na juu ya ziwa lililoganda watu walipitisha magari. Mwenyeji wangu alikuwa bibi mjane mwenye umri zaidi ya miaka 80, vidole vyake vimepinda kwa ugonjwa wa viungo. Kila siku baada ya kifungua kinywa aliondoa vyombo, akaigeuza meza ya chakula kuwa meza ya kushonea. Nilimwuliza kwa nini hushona wakati huo wa mwaka. Alinijibu kwamba tangu Novemba hadi Machi mashamba yamefunikwa na theluji, kwa hiyo mikono ya mkulima haina kazi. Nilishangaa. Mama yangu angejibu hivyo hivyo, isipokuwa angetaja jua badala ya theluji.

Akanionyesha kazi yake. Kulikuwa na mashati ya marehemu mumewe, mapazia ya zamani, na magauni ya binti zake. Tabaka la juu lilikuwa la viraka, katikati kijazo, chini shuka, na urefu ulikuwa sentimita 200 kwa upana wa 150 hivi. Halafu alishika sindano nene, akapitisha uzi juu na chini, akafunga fundo, na kila baada ya sentimita 15 hivi alifunga jingine. Aliniambia pia kwamba wanashauriwa kuepuka kutia bendera au alama za dini, ili mtu yeyote, wa imani yoyote, alale bila kudaiwa chochote. Niliketi nikamsaidia kuvuta uzi. Ndipo akaniuliza, "Na kwenu, Mchungaji, akina mama hushona vitu kama hivi?"

Wapendwa, nilimjibu kwamba hapana. Sijui kwa nini. Labda niliona kwamba nimekuja pale kama mtu wa kushukuru, na mtu wa kushukuru hapaswi kuwa na chake. Labda vicheko vya bwenini vilikuwa bado masikioni mwangu. Huko ndiko kumkana mama yangu kwa mara ya pili. Jogoo hakuwika, maana katika baridi ile hata kuku hawatoki nje. Mama alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1989, nami sikuwahi kumwambia habari za lile sanduku.

Basi mtanielewa kwa nini kurasa zile 9 zilinikosesha usingizi. Zingekuwa mara ya tatu, tena kwa maandishi, tena katika kitabu ambacho wajukuu wetu watakisoma. Luka alipoandika habari za Kanisa la kwanza hakuona kwamba kushona ni jambo dogo mno kwa historia. Alituachia jina la Dorkasi wa Yafa, na habari za wajane waliosimama wakilia, wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hakuandika kwamba mwanamke yule alihubiri, wala kwamba aliongoza kamati. Alishona, na nguo zake zikawa ushahidi wake.

Kwa sababu hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, naiomba Kamati ya Jubilei ikubali kubadili kichwa cha sura ile kiwe "Tuliyopokea na Tuliyotoa". Sifuti hata mstari mmoja wa shukrani. Bibi yule wa Minnesota anastahili kila neno jema, na wenzake pia. Lakini shukrani ya mtu anayejificha alichonacho haina heshima, wala haimheshimu aliyetoa.

La pili, nawaomba wazee wetu, kabla kitabu hakijaenda kwa mchapaji, mfike ofisi ya usharika mtuandikishe majina. Nani alishona? Nani alipeleka uji kituo cha reli wakimbizi walipopita? Nani alilaza wageni sebuleni? Msiseme kwamba ni mambo madogo. Jina la mama yangu nimekwisha kuliandika, pamoja na ya wale majirani wanne. Wawili kati yao walikuwa Waislamu, na walishona usiku uleule, kwa kibatari kilekile. Nao wataandikwa.

La tatu, nauomba Umoja wa Wanawake, na safari hii nawaomba pia wanaume na vijana, tuifufue kazi hii kipupwe hiki. Najua mtaniambia kwamba mablanketi ya dukani siku hizi ni mengi na mitumba imejaa sokoni. Ni kweli. Lakini nendeni wodi ya wazazi alfajiri ya Julai, mkamtazame mtoto mchanga aliyefunikwa khanga moja yenye maji maji. Tazameni wazee wanaoishi peke yao hapa mtaani. Pamba inalimwa Igunga na Nzega, ndani ya mkoa wetu. Mafundi cherehani wanatupa vipande kila jioni. Jua linazama saa kumi na mbili na ushee, na sasa tunazo taa za umeme. Tunachokosa ni kuketi chini pamoja. Kila nyumba iwe na kapu lake. Tusiweke msalaba wala jina la usharika juu ya blanketi. Anayefunikwa asijue deni lolote.

Kuhusu mimi mwenyewe, nimeanza. Nimenunua shazia, nikaomba mabaki kwa fundi, na wiki iliyopita nilifunga fundo langu la kwanza. Mke wangu alilivuta kidogo tu, likafunguka. Akanionyesha kwamba uzi hupitishwa mara mbili kabla ya kukaza. Nimefika safu ya tatu. Blanketi hili, likikamilika, litakuwa na kaki pembeni pande zote nne, na litakwenda mahali ambapo sitapajua.